Nani Kasema Kanumba Alikuwa Chapwa?

Kuna watu wa aina mbili ambao siwezi tena kukaa nao meza moja likitajwa jina la Steven Kanumba. Wa kwanza ni yule anayedakia "The Great" kabla hujamaliza kulitaja, anashika kifua, anakwambia hatatokea tena kama yule, na ukimwomba akutajie onesho moja tu lililomkaa kichwani, anaanza kukusimulia mazishi. Wa pili ni msomi. Huyu ana shahada, ana akaunti ya Netflix anayoichangia na wenzake wanne, amewahi kwenda Zanzibar kwenye tamasha la ZIFF mara moja, na anasema Kanumba hakuwa na lolote zaidi ya sura, suti na gari la kuazima. "Uigizaji chapwa," alisema mmoja wao, mwalimu mwenzangu hapa Mbulu, kisha akacheka kama mtu aliyefunga mjadala. Nikamwomba anitajie filamu ya Kanumba aliyoitazama mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameona vipande. Vipande vya dakika moja kwenye simu, vilivyokatwa na watu wanaotafuta kuchekesha.

Basi ndiyo hali ya mjadala wenyewe. Mmoja anaabudu, mwingine anadharau, na wote wawili hawajatazama. Muulize kijana wa kidato cha nne leo Kanumba alikuwa nani, atakueleza habari za usiku mmoja Sinza, atakueleza kesi, atakueleza umati wa Leaders Club. Usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012. Alikuwa na miaka 28, mzaliwa wa Shinyanga, na mimi leo nimeshampita umri. Dar 2 Lagos, filamu iliyolivusha jina lake mpaka, ilitoka 2006. Hesabu mwenyewe: ni kama miaka sita ya sinema, baada ya michezo ya runinga aliyoanzia na kundi la Kaole, na ndani ya miaka hiyo akatoa filamu juu ya filamu, sehemu ya kwanza na ya pili. Kifo kimezifunika zote. Tumekuwa kama watu waliokwenda msibani wakala pilau, wakarudi nyumbani bila kujua marehemu alikuwa anafanya kazi gani.

Niseme msimamo wangu mapema usije ukanivizia mbele ya safari. Kanumba alikuwa na kipaji. Kipaji chenyewe kilikuwa chembamba, hakikufika kila mahali, na mashabiki wake wamekuwa wakikitafuta mahali ambapo hakikuwepo. Alijua kusikiliza. Mweke mbele ya mtu anayemwambia jambo, mwache anyamaze, na kamera isimtoke: hapo unaona neno likimfikia, likishuka, likimgeuza, kabla hajafungua mdomo. Waigizaji wengi wa wakati wake, na wengi wa leo, wakinyamaza huwa wanangojea tu zamu yao ya kusema, kama abiria anayengojea konda amrudishie chenji. Unaona kabisa macho yao yakipitia mistari inayofuata. Kanumba alikuwa pale pale, ndani ya neno la mwenzake.

Hili nimelijua kwa sababu nilimtazama mahali pasipo na simile. Nimekulia Katesh, chini ya mlima Hanang, na sinema yetu ilikuwa banda la mabati nyuma ya stendi. Madirisha yalizibwa kwa nailoni nyeusi. Viti vilikuwa mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na jenereta ilikaa nje ikinguruma kiasi kwamba nusu ya maneno hayakusikika. Kiingilio shilingi mia moja, watoto hamsini, na mtoto mjanja aliingia bure kwa kumtekea mwenye banda maji. Mchana ulikuwa wa Wachina na Wahindi, usiku wa Wamarekani. Hizo zote zilikuja zikiwa zimeshaingizwa sauti ya mtu anayezisimulia kwa Kiswahili, kazi ambayo Lufufu aliijengea jina Dar es Salaam na wengine wakaifuata. Bila msimuliaji, Rambo alikuwa mtu wa kupiga kelele msituni tu. Zilipoanza kuja Bongo Movie, msimuliaji akawa hana kazi. Ndivyo walivyodhani huko zilikotengenezwa.

Kwetu kazi ilibaki. Wataalamu wa lugha huja huku kama watalii wanavyokwenda Serengeti kutazama nyumbu, na wana sababu: katika kipande hiki cha nchi, Mbulu, Hanang na pembezoni mwake, zimekutana lugha za makundi manne ambayo hayana undugu unaojulikana. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga ni ya Kiniloti. Kinyiramba ni ya Kibantu. Wahadzabe nao wana lugha yao yenye vidoko, isiyo na ndugu popote. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, lakini miaka ile, kwa mzee aliyetoka Gehandu au Balangdalalu kuuza ng'ombe mnadani, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizia bei. Mzee huyo akimaliza biashara aliingia bandani na mgolole wake na fimbo yake, na pembeni yake akakaa kijana, mjukuu au mpwa, akimnong'onezea kinachosemwa.

Nimekaa nyuma ya wazee hao na wanong'onezaji wao mwaka hadi mwaka. Nilikuwa naisikia filamu mara mbili, mara ya pili kwa muhtasari. Kijana alifanya kazi kwa jasho wakati wanawake wanagombana sebuleni, wakati wa mganga, wakati wa mama mkwe, wakati wowote ambao mtu alikuwa anamweleza mwenzake kwa maneno mengi kitu ambacho tumeshakiona. Ikifika zamu ya Kanumba kusikiliza, kijana alinyamaza. Siku moja mzee mmoja akamgeukia na kumuuliza kwa Kiiraqw, mbona husemi? Kijana akamjibu, "Aako, hajasema kitu." Aako ndiyo heshima yetu kwa babu, na kwa mzee yeyote. Mzee akasema, "Amesema. Amekataa." Muda mfupi baadaye, kwa Kiswahili chake cha Dar, Kanumba akakataa.

Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko tuzo yoyote. Mtu asiyejua lugha ya filamu, asiyejua kwamba yule kijana mwenye suti ni nyota, asiyewahi kusoma gazeti la udaku hata moja, amesoma uamuzi usoni mwake kabla haujatamkwa, na jenereta inanguruma. Sasa niletee mtu chapwa anayeweza hilo.

Msomi wangu ana jibu, na si jibu la kipumbavu. Atasema uso usiosema kitu mtazamaji huujaza mwenyewe. Atanitajia Lev Kuleshov, yule Mrusi ambaye yapata miaka mia moja iliyopita alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha ya maiti ndani ya jeneza, kisha ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu Mozzhukhin kwa njaa yake, kwa huzuni yake, kwa tamaa yake, kumbe uso ulikuwa ule ule mmoja. Kwa hiyo, atasema, mzee wako wa mnadani alijisomea mwenyewe.

Lakini Kuleshov alikuwa na mkasi. Ile sifa ilitoka kwenye mkato: uso, supu, uso. Bongo Movie za miaka ile hazikuwa na mkato wa namna hiyo. Fikiria zilivyotengenezwa. Siku chache za kupiga picha, nyumba ya kuazima, taa za kubahatisha, na kinanda kinachoanza kulia kabla ya wahusika. Watu wawili wanaketi kwenye kochi, kamera inawatazama, na onesho linakwenda dakika tatu, nne, bila mtu kukata, kwa sababu lazima ipatikane sehemu ya pili ya kuuza. Anayepanda ngazi tutamwona akizipanda zote. Anayeegesha gari tutamwona akirudi kinyumenyume hadi mwisho. Katika mazingira hayo hakuna supu itakayokuokoa, hakuna jeneza, hakuna mhariri wa kukubeba mgongoni. Uko wewe na uso wako na muda mwingi kupita kiasi. Mtu chapwa anaonekana chapwa ndani ya sekunde kumi. Watazame tu waliokuwa wakiketi na Kanumba kwenye kochi hilo hilo. Sitawataja, wengine bado wanafanya kazi na wana watoto wa kusomesha.

Wamarekani nao wana ugomvi kama huu juu ya Keanu Reeves, miaka nenda miaka rudi: huyu ni mwigizaji au ni ubao wenye nywele nzuri? Mimi sina upande kwenye hilo. Ninachojua ni kwamba Keanu Reeves ana watu wa taa, watu wa sauti, wahariri na mamilioni ya dola yanayomzunguka. The Matrix ya 1999 ingeweza kumbeba hata kama angeamua kulala katikati. Kanumba alibebwa na nini?

Sasa nije kwa mashabiki, maana naona wameanza kutabasamu.

Kanumba alipopiga kelele alikuwa wa kawaida, na mara nyingine chini ya kawaida. Hasira yake ilikuwa ya mikono: kidole hewani, tai inalegezwa, mlango unabamizwa. Alipolia, alilia kama mtu anayejua kamera imesimama wapi. Kanumba ninayemsifu ni yule wa kabla ya chozi, na filamu zake nyingi hazikumpa muda wa kukaa hapo, zilimkimbiza kwenye kilio kwa sababu kilio ndicho kilichouza kasha. Alipoigiza ufukara sikumwamini hata siku moja. Ukitoka bandani Katesh unajua fukara anavyosimama, na hasimami hivyo. Halafu yale majina: Red Valentine, Young Billionaire, Big Daddy, Off Side. Filamu ni ya Kiswahili, watu wanazungumza Kiswahili, wananuniana kwa Kiswahili, na kwenye kasha kumeandikwa kama duka la nguo za mitumba. Mwenye banda wetu aliyasoma kwa kipaza sauti kila jioni kutangaza ratiba, na hakuna jina hata moja lililotoka salama.

Kosa lake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa Nigeria. Aliitazama Nollywood kama mdogo anavyomtazama kaka mwenye gari. Katika Devil Kingdom aliigiza na Ramsey Nouah, mwigizaji aliyekwisha kukomaa, na ukitazama kwa makini unamwona Kanumba akijitahidi. Jitihada ikishaonekana usoni, kusikiliza kumekwisha. Mtu anakuwa anajisikiliza mwenyewe.

Mashabiki wanaotaka kumtetea wangeacha hizo na kwenda kwenye filamu ambazo hawazitaji kwa sababu wanaziona za kitoto: Uncle JJ na This Is It, alizoigiza na watoto, wale tuliowajua kwa majina ya Jennifer na Patrick. Yeyote aliyewahi kufundisha anajua kwamba mtoto hafuati mstari wako. Anasema mapema, anachelewa, anatazama kando, anacheka pasipo na kicheko. Ukiwa mwigizaji wa kungojea zamu, mtoto atakuaibisha. Inabidi umpokee alivyokuja. Na hapo Kanumba, nyota mkubwa kuliko wote nchini kwa wakati huo, anafanya kitu ambacho nyota wachache hukubali: anawaachia uwanja. Anakuwa wa pili kwenye filamu yake mwenyewe. Tazama anavyomtazama mtoto anayeongea, jinsi uso unavyochelewa kidogo kuelewa, kisha ukaelewa, kisha ukaamua kuficha kwamba umeelewa. Mambo matatu yote hayo bila neno. Kama huo ni uchapwa, basi chumvi ni nini?

Nimeandika mpaka hapa kama vile ugomvi huu ni wa sinema tu. Sivyo.

Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kuingia kwa muda katika nyumba ya Big Brother Africa. Alizungumza Kiingereza alichokuwa nacho, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikajigeuza mwalimu wa Kiingereza. Watu ambao wasingeweza kuagiza chai kwa lugha hiyo walimsahihisha. Nilikuwa sekondari, bweni, mbali na nyumbani, na nakumbuka vizuri ile furaha ya mabwenini, kwa sababu wiki iliyotangulia kichekesho kilikuwa mimi. Walikuwa wakiniambia niseme maneno fulani ya Kiswahili ili wasikie yanavyotoka kooni mwa Mwiraqw. Mwenzangu mmoja Mdatoga walimwita Mang'ati kutwa kucha, neno walilookota kwa wengine ambalo kwa Wamasai maana yake ni adui, na akiitwa hivyo alikuwa anageuka polepole na kumtazama mwitaji bila kusema kitu. Walisema amepooza. Walisema hana hisia. Mimi niliyekaa naye dawati moja nilijua hisia zilikuwa wapi, na nilijua pia kwamba kuna wakati aliyemwita hivyo alikuwa karibu sana na kupigwa.

Unaona ninakokwenda. Tumepewa mizani moja ya kupimia uso wa mtu, na mizani hiyo imetengenezwa mjini, na inapima kasi. Ukijibu haraka wewe ni mchangamfu. Ukicheka kwa sauti una kipaji. Marehemu King Majuto wa Tanga alikuwa na kasi hiyo, na alikuwa fundi wa kweli, sitaki mtu aniambie nimemgusa mzee. Lakini ufundi wake ulikuwa wa neno, wa kulirusha na kulidaka, na neno hilo lilikuwa Kiswahili cha watu waliozaliwa nacho. Kiswahili cha Kanumba, mimi nilivyokisikia, kilikuwa cha mtu wa bara: kila silabi mahali pake, polepole, kama mtu anayepanga matofali. Mjini waliita kupooza. Kwetu bandani ule upole ulimpa mnong'onezaji muda wa kufanya kazi yake.

Na hata wazee wetu, wakiongoza slufay, ile sala ndefu ya kishairi ya Wairaqw, hawarukiruki. Mzee anasimama, anaanza, watu wanaitikia, na sauti inajengeka kidogo kidogo kutokana na kule kuitikia. Anayeongoza lazima awasikilize wanaoitikia, la sivyo imemshinda. Sisemi Kanumba aliwahi kuisikia slufay. Nasema sisi tulikwenda bandani tukiwa tumeshazoea kumpima msemaji kwa jinsi anavyonyamaza.

Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nilikuwa Mbulu siku hiyo, nikapanda gari la kwanza nililopata. Siku chache baadaye rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam, mtu mwema, aliyekuwa ametuma hela na blanketi, aliniuliza kwenye simu swali ambalo alilificha muda mrefu: "Mbona kwenye taarifa ya habari watu wenu hawalii?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amewaona wamesimama, wametulia, wanajibu maswali ya mwandishi kwa sentensi mbili, wanatazama pale palipokuwa nyumba. Nilimwambia walilia. Kamera zilifika baadaye. Akanyamaza, kisha akasema alidhani labda wameshazoea shida. Huyo ni mtu anayetupenda. Amekaa maisha yake yote akitazama filamu ambazo mwenye uchungu hugaagaa chini, na uso uliotulia hana namna ya kuusoma, hata ukiwa mbele yake na maiti ziko nyuma.

Ndiyo sababu nakasirika mwalimu mwenzangu anapocheka. Yeye ni wa huku. Anajua kusoma nyuso hizi, amezisoma tangu utotoni. Lakini akitazama skrini anavaa miwani ya watu wengine.

Kuna unafiki pia katika jambo hili, nao nitautaja kwa haraka kwa kuwa unanichosha. Gabo Zigamba akitulia mbele ya kamera wasomi wale wale wanasema "ukomavu". Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipofika tamasha la Toronto mwaka 2021 tulipiga makofi, na tulikuwa na haki ya kupiga, na mojawapo ya sifa zilizoandikwa na kurudiwa ilikuwa ule utulivu wake. Kumbe kunyamaza kunaruhusiwa. Kunahitaji tu taa nzuri, mwongozaji aliyesoma, na Wazungu ukumbini. Kule kunyamaza kwa kasha la sebuleni, lililouzwa na machinga stendi pamoja na karanga, hakuhesabiki.

Mimi nasimamia kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Tuna vitenge vinne, ubao mmoja wa kuchorea mandhari, na binti mmoja ambaye ni mwigizaji. Nasema mmoja, wengine wanaigiza. Ametoka upande wa Haydom, haongei sana, na kwenye mchezo wetu wa mwaka jana alikuwa mama anayesubiri mwanawe arudi kutoka machimboni. Alikuwa na mistari sita. Katika ule wa nne anaambiwa kijana hatarudi, na yeye alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta. Alipunguza. Mahindi yakaendelea kuruka na kutua, yakizidi kwenda chini, mpaka ungo ukasimama, na ukumbi mzima, wavulana wa kidato cha pili pamoja, ukawa kimya kiasi cha kusikia bati likilia kwa jua.

Alikwenda Arusha kwenye usaili wa watu waliokuwa wanatafuta sura mpya kwa ajili ya tamthilia. Alikaa mbele yao dakika mbili. Wakamwambia achangamke. Akajaribu. Wakamwambia lafudhi yake ni nzuri kwa mfanyakazi wa ndani, lakini hata mfanyakazi wa ndani siku hizi anatakiwa awe na vituko. Mmoja akaandika kitu kwenye karatasi, na kwa kuwa karatasi ilikuwa imelala upande wake aliweza kuisoma: "amepooza". Alinisimulia haya kwenye basi, kuanzia Makuyuni hadi karibu na Babati, akitazama nje. Hakulia. Nilitaka kumwambia maneno ya kumtia moyo na nikaona ni upuuzi, kwa hiyo nikamuuliza kama amewahi kumwona Kanumba. Akasema mama yake anaye kwenye fleshi, filamu kumi na kitu, na anampenda kwa sababu "anakaa anakusikiliza kama vile hana haraka ya kuondoka." Sikumfundisha sentensi hiyo. Alikuwa na miaka mitano au sita Kanumba alipokufa.

Kwa hiyo unaposema chapwa, mimi nasikia neno lililoandikwa kwenye karatasi ile. Na unaposema "The Great" bila kuwa umetazama, hunisaidii chochote. Binti huyu hahitaji sanamu ya kuabudu. Anahitaji mtu wa kumwonyesha kwa kidole, hapa, dakika hii, tazama alichofanya kwa macho kisha tazama alichokiharibu kwa mikono, fanya la kwanza, acha la pili. Hiyo ni kazi ya wakosoaji, na sisi tuliosoma ndio tuliotakiwa kuifanya. Filamu zipo. Nyingi zimepakiwa YouTube zikiwa na rangi zilizopauka, na maoni chini yake ni "pumzika kwa amani" mia kwa mia, hakuna hata mmoja anayesema kitu kuhusu onesho alilotoka kulitazama.

Anza na Uncle JJ. Itazame yote, bila kuruka, pamoja na magari yanayoegeshwa. Kinanda kikikushinda punguza sauti, hutapoteza kitu, sisi tulitazama na jenereta. Kaa na mama yako au shangazi yako, mtu ambaye atakuwa anajibizana na skrini, na umtazame na yeye. Ukimaliza na bado unasema chapwa, panda basi uje Katesh, lami ipo ukitokea Babati na ukitokea Singida. Banda lilifungwa zamani. Mwenye banda siku hizi anatoa huduma za pesa za simu kwenye kibanda kando ya stendi hiyo hiyo, na ana maoni kuhusu Kanumba, kuhusu Ray, kuhusu JB, hata kuhusu mimi. Ila usije siku ya mnada, hana muda.